Mwaka Nilipolitaja Jina la Katungu

Mama Kavira alizikwa mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, na kwa siku tatu nilikaa kwenye matanga yake nikisifiwa kwa jambo ambalo ni nusu tu ya ukweli. Presha ndiyo iliyomwondoa. Alianguka jikoni kwake asubuhi akichambua maharagwe, na kabla ya saa sita habari ilikuwa imenifikia shuleni ninapofundisha, hapa hapa Bunia. Mdogo wake Katungu alisafiri kutoka Butembo, na siku ya pili alisimama mbele ya waombolezaji akasema dada yake alikuwa na watoto aliowazaa na mmoja ambaye hakumzaa, kisha akanionyesha mimi, Sifa. "Ule mwaka wa Ebola," alisema, "batu bote walitukimbia. Sifa hakukimbia. Alikuwa ananiletea chakula mpaka ku mulango." Watu waligeuka kunitazama. Niliinamisha uso kama mtu anayeona haya kwa kusifiwa, na kweli niliona haya, ila si kwa sababu waliyoifikiri. Nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, Mama Dhesi, jirani wa parseli ya pili, yaani kiwanja kinachopakana na cha Mama Kavira, alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Yeye peke yake ndiye aliyeijua nusu nyingine, na hakuinua hata macho.

Nilifika kwa Mama Kavira mwaka nilioanza masomo ya ualimu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Fataki na begi moja na godoro, na sababu ya kutoka kwangu naiacha, kwa kuwa si habari ya mwaka ninaousimulia. Alinipangisha chumba cha pembeni, chenye dirisha dogo la mbao na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta za matofali zilipanda kidogo kupita kichwa cha mtu, zikaishia hapo, na kutoka hapo mpaka mabati ilikuwa hewa tupu, kwa hiyo sauti za nyumba nzima zilikuwa za wote. Nilijua Mama Kavira anapogeuka kitandani. Nilijua mtoto wake wa mwisho, Gloire, msichana wa miezi kumi na mmoja, anapoota. Harufu ya makayabo, samaki wa chumvi wanaotoka Kasenyi, ilikuwa imeingia mpaka kwenye madaftari yangu, kwa sababu Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara kama watu wengi waliohamia Bunia kutoka Butembo, na bidhaa zake, samaki, unga na mafuta ya mawese, alizipanga kwenye baraza asubuhi na kuzirudisha ndani jioni. Wiki ya kwanza nilijipikia mwenyewe. Wiki ya pili alikuja akakitazama kijisufuria changu juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akasema, "Lokateri anapika kwake, lakini mutoto anakula kwetu. Zima ile moto." Tangu siku hiyo sikuwa tena lokateri, yaani mpangaji, na nilikula naye bugali na sombe ya majani ya mihogo kwenye sahani moja kubwa.

Mtu mwingine aliyeingia na kutoka nyumba ile bila kubisha hodi alikuwa Mama Dhesi. Kati ya parseli yake na yetu kulikuwa na lupango, yaani uzio wa miti hai, na katikati ya lupango kulikuwa na nafasi iliyochongwa na miili ya wanawake wawili waliopita hapo kila siku kwa miaka, huyu akienda kuomba kaa la moto, yule akirudisha kinu. Walisali makanisa tofauti na kusukana nywele Jumamosi. Mama Dhesi alikuwa pia rele, yaani mmoja wa wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya, kuuliza kama watoto wamepata chanjo na kama neti zinatumika. Kazi hiyo haikuwa imemgombanisha na mtu yeyote mpaka mwaka ule.

Ugonjwa ulitujia kwanza kwa redio. Asubuhi tulipokuwa tukinywa chai tulisikia majina ya mahali: Beni, Butembo, halafu Mambasa, halafu njia ya Komanda. Kila mara jina lilikuwa karibu zaidi, na Mama Kavira alipunguza sauti kama vile ugonjwa ungesikia. Sokoni watu walibishana. Mmoja alisema Ebola haipo, ni siasa. Mwingine alisema ipo lakini inaletwa na sindano. Wa tatu alinunua nyanya zake kimya na kuzipokea kwa mfuko, asiguse mkono wa muuzaji. Kanisani tuliacha kupeana mikono, tukawa tunaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Kwenye lango la chuo kulikuwa na ndoo yenye robine ya kufungulia maji ya klorini, na kijana wa zamu alituelekezea kipima joto kwenye paji la uso, kila mmoja akifumba macho kama anayengoja kupigwa. Sikuogopa sana wakati huo. Niliyaona mambo hayo kama mvua inayonyesha kilima cha pili. Kilichonigusa kilikuwa wateja wa Mama Kavira, wale wale waliomjua miaka yote, ambao sasa walisimama hatua mbili mbali na baraza na kuuliza, "Hii samaki iko ya Kasenyi kweli, ao iko ya kule kwenu?" Alicheka na kuwajibu vizuri. Lakini niligundua kwamba aliacha kuzungumza Kinande, lugha ya kwao Butembo, kwa simu akiwa barazani. Simu ikilia aliingia ndani.

Katungu alifika siku ya Jumatatu mchana, na mfuko mmoja mkononi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na kama miaka ishirini na tano, mwembamba, mpole, mwenye kuinuka kabla hajaambiwa. Mama Kavira aliwaambia majirani kwamba mdogo wake ametoka kwenye shamba la ndugu huko Komanda. Kwetu ndani alisema dada yao mkubwa, Masika, amefariki Butembo kwa malaria, na Katungu amekuja kupumzika. Alipumzika kwa kufanya kazi. Alifua, alisaga karanga za sombe, alimbeba Gloire mgongoni tangu asubuhi, na usiku mtoto alikataa kulala kwa mama yake, akataka kwa mama yake mdogo. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alinifundisha kuosha makayabo maji matatu ili chumvi isiue utamu.

Jumamosi ya wiki hiyo nilipaswa kuwa kwenye mazoezi ya kwaya, lakini kichwa kiliniuma nikageuka njiani, nikaingia chumbani kwangu kimya na kujilaza. Dada wawili walirudi kutoka uani na kukaa chumba cha pili. Nilisikia kisu kikikata vitunguu, halafu nikamsikia Katungu, akimwita dada yake yaya kama wanavyowaita wakubwa wao.

"Yaya, miye njo nilimuogesha."

"Ulimuogesha nani?"

"Masika. Mama alishindwa. Nilimuogesha, nikamuvalisha ile kikwembe yake ya bluu. Alikuwa anatoka damu mu meno."

Kisu kilisimama. "Uliniambia alikufa na malaria."

"Njo tulikuwa tunaambia batu bote."

"Na watu wa riposti ya Ebola, hawakuja kuandika wenye walimugusa?"

"Walikuja. Nilitokea nyuma, mu migomba. Na huku njiani, pale mbele ya Marabo penye banapima joto, nilishuka ku pikipiki nikazunguka mu mashamba ya mihogo."

Mama Kavira alivisukuma vitunguu kando. Kisha akauliza siku ngapi zimepita tangu Masika aogeshwe, na Katungu akajibu kwamba leo ni ya kumi. Akauliza anasikia nini mwilini. "Hakuna kitu, yaya. Niko muzuri. Usiseme kwa mutu. Kule banakufungia mu hema kama mwizi. Lundi, kesho kutwa, nitashuka Kasenyi, nipande boti niende Uganda kwa shemeji."

"Kaa kimya," Mama Kavira alisema. "Hakuna mwenye atajua."

Nililala pale nikiangalia mabati. Nilikuwa nimesikia mara elfu kwenye redio kwamba mtu aliyemgusa maiti wa Ebola anafuatiliwa siku ishirini na moja. Kumi zilikuwa zimekwisha. Nilifikiri juu ya Gloire mgongoni. Nilifikiri juu ya sahani yetu moja. Jioni, chakula kilipowekwa, nilisema tumbo linanisumbua. Katungu alisogea, akaweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu, akasema, "Uko na joto kidogo," kwa sauti ya mtu anayejali kweli. Nilitoka nje nikanawa uso kwa sabuni, nikanawa tena, na mara ya tatu nikaanza kulia, kwa hofu na kwa aibu ya hofu yenyewe. Usiku ule niliyapanga mambo kwa njia nyingi. Ningeweza kurudi kwa watu wa Fataki na kuwaacha. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia Mama Kavira kwamba nimesikia, lakini nilimwogopa. Nilijua angeniuliza nalala nyumbani kwa nani.

Jumapili baada ya ibada nilipita kwenye nafasi ya lupango. Mama Dhesi alikuwa jikoni kwake, anamenya ndizi. Nilisimama mlangoni nikamuuliza, "Mama, kama minajua kitu ya mutu, na nikisema, banamufanya nini?"

"Inategemea unasema kwa nani," alijibu, akiendelea kumenya.

Nikamwambia. Nilisema jina la Katungu, nikasema Masika, Butembo, Marabo, boti ya kesho. Alikaa chini kwenye kigoda chake na kisu mkononi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gloire analalaka na nani?" Nilipojibu alifumba macho kidogo.

"Mama, usiseme ni miye," nilimwomba. "Niko nalala mu nyumba yake. Niko nakula chakula yake."

"Jina yako haitatoka mu kinywa yangu. Lakini weye pia, usikimbie ile nyumba. Ukitaja mutu, unabaki naye. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Ndiyo maana nasema sifa zile za matangani ni nusu. Watu wanasema sikukimbia. Kweli sikukimbia, lakini ni kwa sababu niliagizwa, na aliyeniagiza alikuwa amekaa nyuma karibu na tangi.

Walikuja alasiri hiyo hiyo. Baadaye nilijua kwamba Mama Dhesi alikuwa amebishana nao wasije na gari wala mavazi yale meupe, na walimsikiliza: alikuja muuguzi mmoja tu, mwanamume wa makamo aliyevaa shati la kawaida, kwa miguu, na Mama Dhesi nyuma yake. Mama Kavira aliwapokea barazani na akakana kila kitu. Katungu ametoka Komanda, alisema, na yeyote anayetaka kuharibu biashara yake aseme wazi. Muuguzi hakupandisha sauti. Alieleza kwamba hakuna atakayefungwa, kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani na wao watapita kila asubuhi kumpima joto, na kwamba chanjo ipo kwa wote waliolala naye nyumba moja. Mama Kavira alikuwa bado anakana Katungu alipotoka ndani, akamkabidhi dada yake mtoto, akasimama peke yake kwenye mlango.

"Ni miye munatafuta," alisema. "Nimechoka kuhesabu peke yangu."

Basi Mama Kavira alimgeukia Mama Dhesi. Hakupiga kelele. "Kumbe ulikuwa unatuchungulia mu lupango," alisema. "Nimekulisha, nimekusuka. Weye unaenda kuuza mudogo wangu." Mama Dhesi alinitazama mara moja tu, upesi, kama mtu anayetazama saa. Halafu akasema, "Kavira, sasa tuangalie ugonjwa isiingie mu hii nyumba. Ingine tutaongea." Hawakuongea. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimeshika jagi la maji. Nilikuwa na kinywa na sikukitumia.

Zilibaki siku kumi, na nazikumbuka kwa vyakula. Tulimhamishia Katungu kwenye stoo, tukatoa magunia ya unga na kumwekea godoro langu. Mimi nililala kwenye mkeka. Habari ilienea kabla ya jioni, kwa sababu majirani walituona tukipigwa chanjo, na baraza ikawa tupu. Makayabo yalikaa mpaka yakaanza kuota ukungu mweupe. Niliweka sahani ya Katungu mlangoni, nikarudi nyuma, naye alifungua, akachukua, tukakaa tukizungumza, yeye ndani, mimi uani. Alinieleza habari za Masika: kwamba alikuwa fundi wa kushona nguo za harusi, kwamba alikataa kupelekwa hospitali kwa kuogopa kufa mbali na watu wake, kwamba alipokuwa akimwogesha, Katungu alijua kabisa ni ugonjwa gani na bado hakuweza kumwacha dada yake aende chini na nguo chafu. "Weye ungefanya nini?" aliniuliza. Nilisema ningemwogesha. Sijui kama ni kweli. Kila asubuhi muuguzi alipita na kuandika kwenye karatasi, na kila asubuhi Mama Kavira alisimama na mgongo umetugeukia mpaka muuguzi asome namba ya joto kwa sauti.

Siku ya kumi na nne tangu Masika aogeshwe, namba ilipanda. Katungu alitetemeka, alitapika mara moja, na safari hii gari lilikuja, na mavazi meupe pia. Majirani walijipanga upande wa pili wa barabara. Mama Kavira alitaka kupanda naye wakamzuia, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya parseli yake, mwanamke ambaye sijawahi kumwona ameketi bila kutandika kitenge. Nilikaa karibu naye. Siku mbili hakula. Nilimpikia uji akaukoroga na kuuacha. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha Ebola. Walisema lazima warudie baada ya siku mbili. Cha pili pia hakikuonyesha. Ilikuwa malaria, malaria ya kweli, na siku ya nne Katungu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, amekonda, ana karatasi mkononi. Siku zake zilizobaki zilikwisha kimya. Ugonjwa haukuingia nyumbani kwetu, na siku ya mwisho Gloire alirudi mgongoni kwa mama yake mdogo.

Ungefikiri furaha ingesafisha kila kitu. Kwa Mama Kavira ilifanya kinyume: kwa kuwa Katungu hakuwa na ugonjwa, basi aibu yote, samaki walioharibika, watu waliojipanga barabarani, vilikuwa bure, na aliyevileta alikuwa jirani. Wiki hiyo alileta mabati mawili ya zamani akaziba nafasi ya lupango. Mimi nilimshikia misumari. Kwa miaka yote iliyofuata alipita mbele ya Mama Dhesi kama mtu anayepita mbele ya ukuta. Wateja walirudi kidogo kidogo, mimi nikamaliza masomo, nikaolewa, nikaendelea kumtembelea, naye aliniita mutoto wangu mbele ya wageni. Mara nyingi nilisema moyoni kwamba leo nitamwambia. Alikuwa akinipakulia chakula, au ana wageni, au amechoka. Sijawahi kujuta kwamba nilisema jina la Katungu. Kwamba hakuwa na Ebola hakukufanya hofu yangu kuwa uongo, na mtoto yule alikuwa akilala kifuani kwake. Ninachojutia ni yote niliyoyanyamazia baada ya hapo.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipokuwa wakiosha masufuria, nilichutama karibu na Katungu nikamwambia, "Yaya, miye njo nilisema. Ule mwaka. Nilikuwa mu chumba yangu, niliwasikia."

Aliendelea kusugua sufuria. "Ile Lundi ningekuwa mu boti," alisema. "Ningekuwa na joto mu nyumba ya shemeji, mu inchi ya wengine." Alimwaga maji. "Na yaya amekufa bila kujua."

"Ndiyo."

"Ulipaswa kumuambia yeye, Sifa. Si miye." Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akatazama kule nyuma kwenye tangi. "Na ule mama, miaka hii yote?"

"Alinifichia."

"Enda kwake. Minakuja."

Nilienda. Nilipiga magoti karibu na kiti cha Mama Dhesi, kwa kuwa sikuona njia nyingine ya kukaa, nikamwambia nimemweleza Katungu. Aliitikia kwa kichwa. Amezeeka, shingo yake imekuwa nyembamba. "Umechelewa," alisema, bila hasira.

"Mama, nisamehe ju nilikuachia ile muzigo."

"Muzigo ilikuwa kazi yangu. Miye njo nilikupa neno yangu. Sikukasirika ju ulisema, ulisema vizuri. Na Kavira sikumukasirikia, yeye hakujua." Alinyoosha kitambaa chake. "Lakini weye ulijua. Na ulikuwa unapita mbele ya mulango yangu asubuhi na magaribi, unaangalia chini. Hata salamu. Ile njo iliniuma."

Ni kweli, ili nipendwe katika nyumba moja nilikuwa nimejifanya simjui mwanamke wa nyumba ya pili, na nilifanya hivyo mpaka miguu ikazoea. Nilibaki kwenye magoti. Katungu alikuja na kiti chake, akakiweka upande wa pili wa Mama Dhesi, akaketi.

"Mama," alimwambia, kwa sauti ya kutosha watu wa karibu kusikia, "weye njo ulimujua yaya hapa Bunia mbele yetu bote. Tuelezee vile alifika."

Mama Dhesi alikigeuza kiti chake kidogo kumwelekea. Watu walioketi karibu waliacha mazungumzo yao. "Alifika na mvua," alianza, "na alikuwa hana hata sufuria. Nikamuona amesimama pale, na samaki mu kitunga juu ya kichwa, anakataa kuingia ju miguu yake iko na matope." Mtu alicheka kidogo, ndivyo hasa Mama Kavira alivyokuwa. Mama Dhesi akaendelea, na wanawake wakavuta viti vyao kumzunguka, na hakuna aliyenitazama tena mimi.